Kuinuka kwa Upande Mmoja

Mikumi,
10 Machi 1991

Mjomba Hezekia,

Shikamoo, na shikamoo yangu imfikie Mama Amon huko jikoni. Mimi mzima, kazi inaendelea hapa nyumba ya wageni. Mvua imeanza kwa ukorofi: inanyesha nikishamaliza kuanika mashuka, na ikikatika nyani wanashuka kuyachezea. Mama ameniandikia kutoka Kisanga kwamba mahindi yake yameota vizuri na anakusalimu.

Mjomba, najua kilichokufikia. Dereva mmoja wa lori, mwenyeji wa huko Masanze, alipita hapa akarudi na habari kwamba amemwona binti wa dada yako Selestina akigaragara chini na wanaume kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Aliyoyaona ni kweli. Aliyoyadhani si kweli.

Pale kambini kuna fundi wa mitambo kutoka Brazili anaitwa Valdir. Kwao kuna mchezo wa kupambana, jujitsu. Hakuna ngumi wala mateke. Mnashikana, mnaangushana, na kazi yenyewe iko chini: kumbana mwenzako mpaka akose pa kwenda, kumkunja mkono, au kumpiga kabali. Aliyezidiwa anagonga kwa kiganja na anaachiwa hapo hapo. Tunatandika turubai juu ya maranda ya mbao kwenye banda lililokuwa la spea. Makoti yetu fundi cherehani ameyashona kwa magunia ya unga. Kila anayeanza anafunga mkanda mweupe.

Nami bado nimefunga huo huo mweupe. Tangu mwaka jana sijamshinda mtu, Mjomba. Kornelio, mlinzi wa kambi, ananibana kila Jumamosi, nagonga, tunaanza upya, ananibana tena. Jumapili siwezi kugeuza shingo kanisani. Usiniulize kwa nini naendelea. Nitakueleza siku nyingine.

Ninachoomba ni kwamba usinikataze kabla hujanisikia.

Mpwa wako,
Rebeka

*

Masanze, Kilosa,
2 Aprili 1991

Rebeka mpwa wangu,

Marahaba. Mama Amon naye ameitikia, ila aliitikia huku anacheka, na mimi sioni cha kuchekesha. Pasaka imepita salama. Amon hakuja, anasema Morogoro kazi ni nyingi. Ng'ombe wa Mzee Kishiwa, yule Msukuma aliyehamia ng'ambo ya mto, waliingia kwenye mahindi yangu. Tumekaa naye mbele ya balozi wa nyumba kumi, akaomba radhi kiungwana, tukapeana mikono. Lakini mahindi ndiyo yameshaliwa, nami itanibidi nipande upya.

Sasa jambo lako. Nimefundisha shule ya msingi muda mrefu, naijua barua ya mtoto anayeomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulifanya. Kwetu mjomba ndiye anayeulizwa. Huyo dereva hakumwendea mama yako, alinijia mimi, mbele ya wazee wenzangu. Siku hizi kila kitu ruksa: mitumba ruksa, baa kila kona ruksa, na sasa binti wa watu kulazwa chini na mlinzi wa kambi, nayo ruksa?

Nimekukataza. Nasema wazi ili usije ukadai hukuelewa.

Hata hivyo nina swali, la mwalimu, si la mjomba. Mtu anayeshindwa kila Jumamosi anarudi kutafuta nini? Mwanafunzi wangu angefeli hesabu namna hiyo ningemshauri akasomee useremala.

Mjomba wako,
Hezekia

*

Mikumi,
19 Mei 1991

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako na nimesikitika kwa ajili ya mahindi. Usiinamie jembe peke yako siku nzima, tafuta kibarua hata mmoja. Hapa wageni wamekuwa wengi, mama mwenye nyumba ameongeza vyumba na hajaongeza mfuaji.

Umenikataza, nimesoma, na sitakudanganya: sijaacha.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote. Amekuja kijana mpya, hajamaliza hata mwezi, akanipiga kabali mbele ya wote. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi la katapila. Valdir akanifuata.

"Rebeka, wewe pigana na mikono," akasema kwa Kiswahili chake. "Mikono yako dogo. Tumia kiuno."

"Natumia."

"Hapana. Hutumii."

Nikamwambia nimechoka kuambiwa kiuno, kiuno, kila wiki. Akaniuliza kama nimechoka kujifunza au nimechoka kushindwa. Nikamwambia siioni tofauti. Akacheka, akarudi ndani, jambo lililoniudhi zaidi.

Mkataba wake unaisha mwezi wa nane. Amesema kabla hajaondoka atatoa mikanda ya bluu, inayofuata mweupe, kwa wanaostahili. Nataka huo mkanda, Mjomba. Swali lako la ualimu bado sina jibu lake.

Rebeka

*

Mikumi,
30 Juni 1991

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Mama naye anasema hajapata neno kutoka kwako. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nitakusoma. Kunyamaza si tabia yako.

Msalimu Mama Amon. Mwambie nimemwekea kitenge.

Rebeka

*

Masanze, Kilosa,
21 Julai 1991

Rebeka,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Mama Amon, mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu miwani yangu imevunjika na Kilosa hakuna ya kunifaa. Sisi hatujambo. Mahindi ya kupanda upya hayakufika mbali.

Sikukasirika. Nilikuwa na shughuli.

Nina swali kuhusu huo mchezo wenu. Nauliza kwa kutaka kujua tu. Mtu akiwa amelala chali sakafuni, na upande wake mmoja umebanwa kabisa, hawezi kuutumia, anainukaje? Usiniambie anasaidiwa. Nataka kujua anavyoinuka mwenyewe. Eleza kwa mpangilio, kama unamweleza mtoto wa darasa la tatu.

Hezekia

*

Mikumi,
11 Agosti 1991

Mjomba,

Shikamoo. Nilivyoliona swali lako nililisoma mara mbili nikidhani Mama Amon amekosea kuandika. Haya, nakujibu. Unaketi kwanza. Unaegemea mkono wa kushoto nyuma yako. Unakanyaga mguu wa kulia. Unanyanyua kiuno, unaurudisha mguu wa kushoto nyuma chini yako, unasimama. Ndivyo tulivyofundishwa.

Nasema tulivyofundishwa kwa sababu yamekwisha. Valdir ameondoka Jumatano. Jumamosi kabla yake alitupanga mstari, akatoa mikanda. Kornelio alipata bluu. Fundi mmoja wa magari, wa gereji ya hapa, naye alipata. Mimi nilisimama nikisubiri kuitwa mpaka alipofunga begi.

Nikamfuata. "Na mimi?"

"Wewe bado," akasema. "Karibu sana. Lakini bado."

"Unaondoka Jumatano. Nani ataniambia siku nikiwa tayari?"

Alinitazama. Halafu akanishika bega na kuniambia nisiache. Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo, Mjomba. Angesema siwezi, ningelia siku mbili nikatulia. Lakini bado! Bado ya mtu anayepanda ndege!

Wanaoendelea ni wachache. Kampuni inataka banda lake. Mimi nimeacha. Koti nimelikata, natumia kupigia deki vyumba. Umefurahi sasa? Ulichokataza kimekwisha chenyewe.

Rebeka

*

Masanze, Kilosa,
8 Septemba 1991

Rebeka,

Sitaanza na habari za nyumbani, zitasubiri.

Kwanza, maelezo yako ni mabovu. Mkono wa kushoto, mguu wa kulia. Nilikuandikia upande mmoja umebanwa. Kama ni wa kulia, huo mguu wa kulia unakanyagaje? Hukusoma swali. Makosa haya ulikuwa ukiyafanya tangu ukiwa mdogo, unaanza kujibu kabla ya kufika kwenye nukta.

Pili, nani amekuambia uache? Nilikukataza mimi, mjomba wako, kwa maandishi, hukunisikia hata kidogo. Mbrazili amekuambia usiache, naye hukumsikia. Sasa ni nani unayemsikiliza? Nimewajibu watu hapa Masanze kwamba mpwa wangu anajifunza kazi ngumu na wakome. Nimekosana na yule dereva kwa ajili yako. Leo unaniambia koti umepigia deki!

Shona lingine. Rudi hapo, lala chini, mwambie huyo Kornelio akubane upande wa kulia kweli kweli, kisha uinuke. Ukishajua, andika. Usiandike kabla hujajua.

Hezekia

Rebeka mwanangu, hapa ni mimi Mama Amon, yeye amesinzia. Miwani ni mizima. Mwezi wa tano alianguka shambani alipokuwa anapanda upya, nikamkuta kwenye matuta. Ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havimsikii. Daktari amesema afanye mazoezi, na yeye hataki mtu amguse. Ananitoa chumbani, anajiteremsha sakafuni makusudi, halafu namsikia anahangaika huko mpaka analia kwa hasira, ndipo ananiita. Barua yako ameniambia nimsomee mpaka nimeikariri. Hataki ujue. Nawe usimwambie kwamba unajua.

*

Mikumi,
6 Oktoba 1991

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mzima, ameanza kutayarisha shamba. Nashukuru kwa kunisahihisha. Ni kweli sikusoma swali mpaka mwisho.

Nilikwenda kwa Kornelio nikamwambia nina kazi naye. Banda hatuna tena, tunatandika turubai nyuma ya gereji, na maranda ni haba, tunaumia. Nilifungwa mkono wa kulia kwa kanga ukabana mbavuni, na mguu wa kulia Kornelio akauzuia. Nikalala chali. Nikajaribu nilivyokuandikia. Mjomba, nisamehe, yale niliyokuandikia hayawezekani kabisa! Nilikwenda juu nusu nikaanguka upande ule uliofungwa, uso ukapiga chini, na sikuwa na mkono wa kujikinga. Nilijaribu mpaka nikamtukana Kornelio ambaye hakunikosea kitu. Siku hiyo nilirudi bila jibu. Wiki iliyofuata pia.

Jana nimelipata. Mtu huyo asijaribu kuketi moja kwa moja. Kwanza apinde goti la kushoto, auingize mguu mzima chini ya ule mbovu, aubebe. Ageukie kushoto, upande ulio hai ndio uwe chini. Akisha kulala ubavu, asukume kwa kiwiko, kisha kwa kiganja, mpaka aketi kiupande. Apumzike hapo. Asione aibu kupumzika. Halafu ageuze kifua kitazame chini, apige magoti yote mawili, kiganja cha kushoto kikiwa sakafuni au juu ya kigoda kizito. Mguu wa kushoto ndio ukanyage mbele. Na hapa ndipo nilipokuwa nakosea siku zote: nilikuwa nainua kichwa kwanza. Kiuno kwanza, Mjomba. Kichwa kinakuja mwisho.

Nilipoweza, nikamwambia Kornelio sasa anibane kama anavyonibana Jumamosi, na mkono ubaki umefungwa. Nikatoka. Nimetoka chini ya Kornelio kwa mara ya kwanza tangu nimjue! Akasema ameteleza. Nikataka kumng'ata.

Koti jipya nimeshona.

Naomba huyo mtu aweke godoro upande wa kulia, na pawe na mtu mlangoni. Si lazima aingie. Awe mlangoni tu.

Rebeka

*

Masanze, Kilosa,
17 Novemba 1991

Rebeka

Nimeandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Nimekaa na ukurasa huu tangu juzi.

Mama Amon hawezi kuficha kitu. Tangu aipeleke posta ile barua ya Septemba alikuwa ananipikia vizuri mno. Basi unajua. Usiniandikie tena "huyo mtu".

Nimejaribu. Naweza kufika ubavuni. Naweza kuketi. Magoti siwezi. Goti la kulia linakimbia. Nimeanguka juu ya godoro mpaka nimelichukia. Watoto niliowafundisha kushika kalamu wanapita barabarani wananiamkia, nami naitikia nikiwa nimeketi kama mgeni.

Usije Krismasi. Sitaki unione hivi. Nakwambia kama mjomba.

Hujanijibu swali la Aprili.

Hezekia

*

Mikumi,
8 Desemba 1991

Mjomba,

Shikamoo. Nilishaomba likizo, nimeirudisha. Nimekutii mara moja maishani, na imeniuma. Kitenge cha Mama Amon nitampa mama akilete atakapokuja huko.

Goti likikimbia, lizuie kwa kitu. Egemea ukuta kwa kulia, goti likose njia. Sijui kama itafaa. Nimejaribu kwenye ukuta wa gereji ikanifaa mimi, lakini mguu wangu mimi ni wa kufungwa tu, nikifungua kanga unapona.

Sasa swali lako la Aprili, narudi kutafuta nini. Mwaka jana mgeni mmoja alinishika mkono hapa kwenye korido, mchana, akawa ananivutia chumbani. Mama mwenye nyumba akatokea na ndoo yake, yule mtu akaniachia. Hakuna kilichotokea, Mjomba, usiwe na hofu. Kilichonichoma ni kwamba sikupiga kelele. Sikuvuta mkono. Niliganda, nikamtazama kama ninayesubiri anielekeze. Nilikuwa namwona mtu huyo aliyeganda kila nikipita koridoni, na mtu huyo ni mimi.

Chini ya Kornelio nashindwa. Naumia, nagonga, narudi nyumbani na hasira. Lakini sigandi. Nikiwa nimebanwa kabisa bado natafuta pa kuweka mguu. Ndicho ninachorudi kukitafuta. Sikutaka kukwambia kwa sababu nilidhani ungeniambia niache kazi nirudi nyumbani.

Jumamosi Kornelio amenipiga kabali tena. Hakuteleza.

Rebeka

*

Masanze, Kilosa,
6 Januari 1992

Rebeka mpwa wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Mama Amon ametoka na kitenge chake hajarudi, yaani anazunguka majirani akionyesha. Amon alikuja, akataka kunibeba kama mtoto, tukagombana, tukapatana. Mvua ni nzuri. Mzee Kishiwa alimleta mwanawe akanilimia lile shamba, na sikumwomba.

Ungeniambia habari ya korido siku ile ile ningekuamuru urudi nyumbani. Hukukosea kuninyima. Sasa sitakuamuru.

Jana nimekwenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu niugue, mkono mmoja bakora na upande mwingine Mama Amon. Pale mlangoni kuna kizingiti. Mguu wa kulia haukukumbuka kwamba kuna kizingiti. Nikaanguka mbele ya watu wote, suti yangu ya harusi ya Amon, kwenye tope. Wazee wakanikimbilia. Nikapiga kelele, "Msiniguse!" Ndani walikuwa wameshaanza wimbo, wakauacha, wakaja mlangoni.

Walinizunguka. Nikapinda goti. Nikaubeba mguu. Nikageuka ubavu. Mtu mmoja akasema, jamani, anateseka, mwinueni. Mama Amon akamwambia, "Mwache, anajua anachofanya." Nikaketi. Nikapumzika, na kweli niliona aibu, ile uliyosema nisiione. Magoti nilianguka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaegemea nguzo ya mlango kwa kulia, goti likakosa njia. Nikakanyaga kushoto. Kiuno. Nikasimama, Rebeka, nikiwa na tope mpaka kwenye masikio.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwinjilisti wetu akainua mikono, akatangaza kwamba tumeona muujiza. Nikakasirika mpaka nikasahau niko wapi. Nikamwambia, "Muujiza gani? Nimeanza mwezi wa saba!"

Lakini hapo ndipo pameniudhi mpaka leo. Nilikuwa nimesimama, watu wote wananitazama, benchi liko pale mbele, na sikujua la kufanya. Nilibaki nimesimama hivyo hivyo mpaka Mama Amon aliponipa bega. Wewe umenifundisha kuinuka tu. Mtu akishainuka, anafanya nini? Kama hujui, lala chini, mwambie Kornelio akubane, uanze tena, na ukijua uniandikie.

Usinicheleweshe.

Mjomba wako,
Hezekia